Kuku wa Gorong'a

Kutoka mjini Tarime kuelekea mashariki, barabara ya vumbi hupanda na kushuka milima kwa muda mrefu kuliko ramani inavyoahidi. Huku na huku ni migomba, mibuni, mahindi na wimbi, nafaka ambayo wasomaji wetu wa kusini huiita ulezi. Katika fikra za wengi wetu, Mkoa wa Mara ni samaki wa ziwani na wanyama wa Serengeti; baridi ya milimani hatukuiandalia. Tulipoingia kata ya Gorong'a, si mbali na mpaka wa Kenya, adhuhuri ilikuwa imeshapita, watoto walikuwa wakitetemeka, na mikate tuliyoinunua Musoma ilikuwa imekwisha.

Tulikuwa njiani kumjulia hali ndugu yetu aliyehamishiwa kazi huko, na simu yake haikupatikana. Dereva akatusimamisha mbele ya nyumba ya matofali yenye banda la bati ubavuni, meza tatu, na moshi ukitoka jikoni. "Hapa wanakula watu wote," akasema. Kwetu sisi, maneno hayo ndiyo yaliyokuwa tatizo lenyewe.

Mgahawa ule ni wa familia. Mama yuko jikoni, mumewe anapasua kuni, binti mkubwa anahudumia wateja, na mdogo wake anafanya hesabu za shule pembeni mwa meza. Wateja wawili walikuwa wakinywa kichuri, ile supu chungu inayotiwa majimaji yatokanayo na majani ya tumboni mwa mnyama, ambayo Wakurya huienzi sana. Sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Shafi tunayahesabu yaliyomo tumboni kuwa najisi. Kijana wetu wa miaka 13 akatunong'oneza kwamba ni afadhali tushinde na njaa.

Tukaingia, na neno la kwanza lililotutoka likawa: "Mnapika nguruwe hapa? Na nani anachinja?"

Mama akainua macho kutoka kwenye chungu. "Karibuni," akasema taratibu. "Habari za huko mtokako? Watoto hawajambo?" Kisha akanyamaza, akisubiri tujibu. Tulijibu huku tumeinamisha nyuso. Sisi ambao kila Ijumaa tunahimizwa kueneza salamu, tulikuwa tumekumbushwa salamu na mtu tuliyekuja kukitilia shaka chungu chake.

Baada ya hapo ndipo alipotujibu. Nguruwe hapiki. Nyama ya ng'ombe hununua buchani, na hakujua siku ile nani alichinja. "Siwezi kuwaapia, basi hiyo msile. Lakini kuku ninao, wako hai. Kisu mnacho, au niwape changu?" Hapo zamani, alisema, muuguzi mmoja wa Kiislamu kutoka Tanga alikuwa akila kwake, na yeye ndiye aliyemzoesha utaratibu huo.

Tusieleweke vibaya: kuuliza si kosa. Suala la nani achinje limewahi kumwaga damu katika Kanda hii ya Ziwa, pale Buseresere mkoani Geita mwaka 2013, na asiyelichukulia kwa uzito hakumbuki yaliyopita. Lakini dini yetu haikuliacha jambo hili bila njia. Aya ya 5 ya Surat al-Maida inazungumzia chakula cha Watu wa Kitabu, na wanazuoni wameijadili kwa kirefu masharti yake. Imepokewa pia kwamba Abu Tha'laba al-Khushani alimuuliza Mtume (saw) juu ya vyombo vya watu hao, akaelekezwa kuwa wasipopata vingine wavioshe, kisha walie humo. Hakuna katika hayo panaposema kwamba mwenye chombo adhalilishwe kwanza.

Na sufuria ile iliosha macho yetu. Bila kuombwa, binti aliisugua kwa majivu, akaisuuza kwa maji ya moto mara kadhaa, mbele yetu. Kijana wetu alishika mbawa za kuku. Sisi tukaelekea kibla, tukapiga bismillahi, tukachinja. Mkono wake ulitetemeka, lakini hakuachia.

Kuku wa kienyeji hana haraka. Tulisubiri karibu saa mbili. Tukaonyeshwa chumba safi cha kuswalia, tukajumuisha adhuhuri na alasiri, tumeelekea kaskazini kwenye vilima. Mzee mmoja aliyekuwa na kopo la pombe ya wimbi aliombwa na mwenye nyumba ahamie chini ya mti. Alihama huku akinung'unika, na hatumlaumu, maana yeye ndiye mteja wa kila siku.

Kisha sinia ikaja: ugali wa wimbi mweusi na mzito, mchuzi mwepesi usio na kiungo chochote ila chumvi na kitunguu, na mgagani uliopikwa kwa maziwa hadi uchungu wake ukageuka utamu wa aina yake. Wapishi wa pwani, tusameheni, lakini mboga ile hatujaila mfano wake kwenu. Kuku alikuwa mgumu. Kijana aliyetaka kushinda na njaa alikula paja zima, akaomba maziwa ya mgando, akaongezwa.

Tulilipa bei kamili ya kuku mzima, pamoja na kuni. Mama hakupunguza hata shilingi, nasi hatukuthubutu kuomba.

Usiku ule, nyumbani kwa ndugu yetu, tuligundua kuwa kisu chetu tumekisahau mgahawani. Asubuhi tukampigia dereva, naye akapita kuuliza. Mama alikuwa amekifunga kwa kitambaa na kukichomeka juu ya dari la jikoni, mbali na visu vyake. Akauliza kama tunakitaka, au kibaki pale kwa ajili ya Waislamu wengine watakaopita. Tumemwambia kibaki.