Uhamaji Usio na Bahari

Kwa miaka ipatayo ishirini sasa, sanaa ya video imeufungia uhamaji katika picha moja: mashua iliyosheheni watu, na maji. Isaac Julien aliionyesha Sicily na mashua zake ndogo mwaka 2007. John Akomfrah, mzaliwa wa Accra, akatandaza viwambo vitatu vya bahari katika maonyesho ya Venice mwaka 2015. Richard Mosse akafuata mwaka 2017 kwa kamera ya kijeshi inayonasa joto la mwili badala ya sura. Hizi si kazi za mzaha. Ya Akomfrah hasa imebeba utumwa na uwindaji wa nyangumi kwa pumzi moja, na aliyeitazama hatoki kama alivyoingia. Lakini kazi kubwa nayo yaweza kupotosha jicho, na jicho limekwisha kupotoka. Msanii chipukizi wa Dar es Salaam akiambiwa atengeneze video juu ya uhamaji, si ajabu akakimbilia ufukweni. (Watu wa visiwani nao wasijitoe katika lawama hii, ndio wa kwanza kudhani kwamba safari isiyo na chumvi si safari.)

Na ashuke basi Chimala. Ni mji mdogo wa Mbarali, mkoani Mbeya, uliokaa chini ya ukuta wa milima, pale barabara ya kona 57 inapoanza kupanda kwenda Matamba. Mbele yake limetandaa bonde la Usangu. Bahari haiko, iko barabara kuu iendayo Tunduma, na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976. Kwa kona hizo Wakinga wameteremka kutafuta biashara na vibarua. Wabaluchi walifika Usangu mapema katika karne ya 20, nao ndio wanaotajwa kuanzisha mpunga wa kumwagilia. Wasukuma wakaja na ng'ombe wao, na Wamaasai, na Wabarbaig. Kisha mwaka 2006 serikali ikaamuru mifugo iondoke Ihefu, kwa hoja kwamba Ruaha Mkuu unakauka na mabwawa ya Mtera na Kidatu yanakosa maji. Wafugaji wakasukumwa hadi Lindi na Pwani, mifugo ikifa njiani, na mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Waliohama mara ya kwanza kwa hiari yao wakahama mara ya pili kwa amri. Hapo pana kisa kizima cha uhamaji, na mkosaji wake si wimbi.

Watetezi wa picha ya mashua hujibu kwamba bara halina taswira: mtu aliyeketi garini, vumbi, basi, ni nini cha kutazama? Jibu hilo lataka kupimwa kwa kisa kizito. Barabara hizi za bara ndizo zinazopitisha vijana wa Ethiopia wanaosafirishwa kwa magendo kuelekea Afrika Kusini. Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao walikufa ndani ya lori mkoani Dodoma. Machi 2020 maiti 64 zilikutwa ndani ya kontena Tete, Msumbiji. Ndani ya kontena hamna taswira, ni kweli. Mna giza, joto, na ngumi zinazogonga bati. Sanaa isiyoweza kukaa gizani na kusikiliza isidai kwamba imewaona wahamaji. Kamera ya Mosse ingewaona kwa joto lao, na ingewapoteza mara tu miili ilipopoa.

Njia nyingine ipo. Bouchra Khalili, Mmorocco, kati ya mwaka 2008 na 2011 alitengeneza video nane ambamo haonekani uso wa mtu. Huonekana ramani, mkono na kalamu. Msafiri huchora njia yake huku akiisimulia kwa lugha aliyoichagua. Hayo tu. Mchungaji aliyetoka Shinyanga, akafika Usangu, akafukuzwa hadi Lindi, apewe kalamu hiyo. Atakapofika Ihefu mkono utasita, na huko kusita hakuhitaji muziki wa zeze kukukoleza. Wala asilazimishwe kusema Kiswahili sanifu ili msimamizi wa maonyesho apate wepesi wa kutafsiri. Kisukuma kisikike kwanza, tafsiri ije baadaye, chini, kwa herufi ndogo.

Wala haisemwi hapa kwamba Tanzania haina mikono. Rehema Chachage, aliyesomea sanaa Cape Town, ameifanya video kuwa chombo cha kusemea upweke wa mgeni mweusi mahali pasipomtambua, bila kuazima mashua ya mtu.

Linabaki swali la mahali pa kuonyesha. Kazi juu ya Usangu ikianzia Venice itakuwa imewahama wenyewe kabla hawajaiona. Miji midogo kama Chimala inavijua vibanda vya video: mabenchi ya mbao, pazia mlangoni, na msimuliaji anayeitafsiri filamu ya Kichina papo kwa papo, akitia chumvi anapopenda. Iwekwe humo kwanza, kwa kiingilio kile kile, siku ya gulio, na msimuliaji apewe ruhusa ya kubishana nayo.