Afisa Ustawi Akipiga Hodi Sigino

Mume na mke wa kata ya Sigino, Halmashauri ya Mji wa Babati, wakiomba kuasili mtoto, mgeni wa kwanza kufika si mtoto. Ni Afisa Ustawi wa Jamii. Atakaribishwa chai, kisha ataanza: mbaazi zisipopata bei mnaishije? Nani anaumwa humu? Mmeoana lini? Ataomba kuona chumba, na pengine atakuta kitanda kipya, godoro lingali ndani ya nailoni. Akitoka hapo atapita kwa jirani na kwa mwenyekiti. Jioni hiyohiyo siri ya wasiojaliwa kuzaa inajadiliwa kisimani.

Wapo wanaoona huo ni udhalilishaji, na wana hoja. Anayezaa hakaguliwi godoro. Wala anayeletewa mtoto wa ndugu kutoka kijijini hakaguliwi, ilhali tunajua baadhi ya watoto hao huishia kuchota maji wenzao wakiwa darasani. Lakini dawa ya hilo si kumfungia afisa mlango. Mtoto aliyetelekezwa hana mjomba wa kuja kumwulizia hali. Kama serikali haikuuliza, hakuna atakayeuliza.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyofuta ile ya kuasili ya tangu enzi za Waingereza, inataka amri ya Mahakama Kuu. Kwa kawaida mwombaji awe na miaka 25 au zaidi, na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Ndugu wa mtoto wamelegezewa kidogo. Kabla ya amri, mtoto huishi na familia hiyo kwa malezi ya kambo, ustawi wakifuatilia. Raia wa kigeni lazima awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo. Watu wa Babati angalau wamepunguziwa nauli: mashauri yaliyokuwa yakienda Arusha, kilomita zipatazo 170, sasa yana masjala ndogo ya Mahakama Kuu palepale mjini.

Ninacholalamikia ni kwamba uchunguzi wenyewe unatazama chumbani mno na shambani kidogo. Amri ikishatoka, mtoto ana haki zote za mtoto wa kuzaliwa, mirathi ikiwemo, na jina lake huingia kwenye rejista ya watoto walioasiliwa kwa Msajili Mkuu. Karatasi imekamilika. Shamba la ekari mbili tatu, kwa upande wake, mara nyingi halina hati. Mipaka yake ni mstari wa mkonge na kumbukumbu za wazee. Baba akifariki, baba wadogo ndio watakaoitisha kikao cha ukoo, na muhtasari wao ndio utakaopelekwa Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi. Wakiandika humo kwamba yule ni “mtoto wa kulelewa tu”, mjane atalazimika kuisaka amri ya jaji sandukuni na kuanza kubishana na mashemeji matanga hayajaanuliwa.

Kwa nini kikao hicho kisubiri msiba? Afisa awafuate baba wadogo mapema, ukoo ukae mtoto anapoingia nyumbani, muhtasari uingie kwenye faili la maombi.

Najua hatari yake. Mwanamke aliyesemwa na mawifi miaka yote kwa kutozaa hastahili kwenda kuwaomba ruhusa, na ukoo ukipewa kura, wengine watasema suluhisho ni mke wa pili. Kwa hiyo wasipewe kura. Sheria haikuwapa, na sahihi zao ziwe za kushuhudia kwamba wamearifiwa, basi. Wakigoma kusaini, kugoma kwao kuandikwe kwenye ripoti ili jaji aone, na wazazi waelekezwe kuandika wosia na kupimisha shamba wakati shauri bado linasubiri tarehe.