Mwanafunzi na Lugha Kali

Walimu wengi wa kompyuta wana msemo waliorithishana: ya kwamba mwanafunzi aanzaye kuandika programu apewe lugha laini, isiyomkemea, asije akakata tamaa mapema. Lugha kali, kwa maoni yao, ni za mabingwa wa vyuo vikuu vya Ulaya, wala hazimfai kijana wa kidato cha pili. Msemo huu una sura ya huruma. Lakini ni huruma ya mzazi anayemwacha mtoto aseme ovyo nyumbani, akangoja aaibishwe na watu barazani.

Lugha ninayoitetea ni Haskell, pamoja na ndugu zake wa ukoo wa ML. Ukoo huu haukuzaliwa jana. Msingi wake ni hesabu ya lambda iliyobuniwa na Alonzo Church, mwanamantiki wa Marekani, katika miaka ya 1930. Katika miaka ya 1970 Robin Milner na wenzake wa Edinburgh wakaunda ML. Mwaka 1987 wataalamu waliokutana Portland, Marekani, wakaazimia kuwa na lugha moja ya pamoja. Taarifa yake ya kwanza ikatoka mwaka 1990, nayo ikapewa jina la mwanamantiki Haskell Curry. Lugha hizi zina tabia mbili. Kwanza, programu hujengwa kwa fanksheni, na fanksheni ni kama kinu: hutiwa kitu huku, kikatoka kingine kule, na mahindi yaleyale hutoa unga uleule kila siku. Pili, kila kitu kina aina yake, na aina hizo hukaguliwa zote kabla programu haijaendeshwa hata mara moja.

Hii ya pili ndiyo inayowaudhi watu, na ndiyo nisiyoweza kuelewa kwa nini imuudhi msemaji wa Kiswahili. Mtu akisema "kisu amevunjika", sikio hukataa kabla akili haijauliza ni kisu gani. Tena akiingia mtu na kusema tu "Kimevunjika!", hajataja jina la kitu, lakini wajua ya kuwa si mti wala si chungwa, ni kisu, kiti, kikombe, au chochote cha ngeli ya KI-VI. Akiongeza "nikautupa", utamwuliza papo hapo: umetupa kipi? Maneno yake hayapatani, nawe umelitambua hilo bila kukiona kitu chenyewe. Basi kazi hiyo hasa ndiyo ifanywayo na kompaila ya Haskell, yaani programu inayotafsiri maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Haimlazimishi mwandishi kutaja aina ya kila kitu. Huzisoma dalili, ikakisia aina, ikakataa pale dalili zinapopingana. Roger Hindley aliligundua jambo hili kwa upande wa mantiki mwaka 1969, na Milner akalieleza kwa ajili ya lugha za kompyuta mwaka 1978. Mtoto wa Lamu huja nalo shuleni siku ya kwanza.

Tutazame sasa huo ulaini unaosifiwa. JavaScript, lugha iliyobuniwa mwaka 1995 kwa siku kumi, ni laini kwelikweli. Tuseme karani wa shule anaandika programu ya karo. Mzazi amelipa shilingi 4,500, na kiasi hicho kimeingia katika programu kama maandishi, si kama namba. Kisha analipa 500 nyingine, na programu inaamriwa ijumlishe. JavaScript haisemi neno. Huyaunganisha maandishi na ile namba, ikatoa 4500500. Mzazi aliyelipa elfu tano anaandikiwa zaidi ya milioni nne na nusu, na hakuna aliyeonywa. Python, ambayo hufundishwa sana siku hizi, ina adabu zaidi kidogo, kwa kuwa itakataa. Lakini itakataa pale tu itakapoufikia mstari huo ikiwa njiani, pengine wiki tatu baadaye, mzazi amesimama dirishani. Haskell ingeukataa mstari huo siku ulipoandikwa. Ni nani basi aliye mkali kwa mwanafunzi?

Kuna jambo jingine ambalo walimu wa hisabati wangepaswa kulilalamikia kwa sauti kubwa. Mwanafunzi amefundishwa katika aljebra ya kwamba hakuna namba iwezayo kuwa sawa na nafsi yake ikiongezwa moja. Kipindi kinachofuata anaingia katika chumba cha kompyuta, anaandikiwa ubaoni x = x + 1, na anaambiwa asiulize. Alama ileile, shule ileile, siku ileile, na maana mbili zinazogombana! Katika lugha ninazozitetea, alama ya usawa ni ya usawa. Jina likishapewa maana halibadiliki nyuma ya mgongo wako, na kwa hiyo hesabu yaweza kufuatwa kwa kalamu, kwa kuweka sawa mahali pa sawa. Hii hapa ni programu kamili ya kujumlisha orodha ya namba:

jumla :: [Int] -> Int
jumla [] = 0
jumla (kichwa : mkia) = kichwa + jumla mkia

Mstari wa kwanza wasema aina: inapokea orodha ya namba nzima, inatoa namba nzima. Wa pili wasema ya kwamba jumla ya orodha tupu ni sifuri. Wa tatu, ya kwamba jumla ya orodha yenye kitu ni kile cha kwanza ukiongeza jumla ya waliobaki. Majina ni ya Kiswahili, na mashine haikunung'unika. Mwenye kusema kuwa hili ni gumu kwa kijana anayesoma usawa wa kwadratiki, na atuoneshe ugumu uko mstari gani.

Wapinzani wana hoja moja nzito, nami sitaikwepa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilirushwa kutoka Kourou, na baada ya kama sekunde 40 ikapasuka angani. Sababu ilikuwa namba kubwa iliyolazimishwa kuingia katika nafasi isiyoweza kupokea zaidi ya 32,767. Programu ile iliandikwa kwa Ada, lugha yenye aina zinazokaguliwa. Basi ukali ulifaa nini? Najibu kwamba upatanisho wa sarufi haujapata kuwa kinga ya uongo. "Kisu kimekula ugali" ni sentensi safi kwa ngeli, na bado ni upuuzi. Kompaila hulinda yale uliyoyatamka katika aina. Yale uliyoyanyamazia itayapitisha. Hii ni sababu ya kumfundisha kijana kutamka mengi zaidi, si sababu ya kumfundisha asitamke lolote. Tony Hoare alipobuni mwaka 1965 alama ya "hakuna kitu" iwezayo kujificha ndani ya kila aina, aliacha pengo la namna hiyo, na mwaka 2009 yeye mwenyewe aliliita kosa la dola bilioni moja. Katika Haskell, fanksheni itafutayo alama za mwanafunzi ambaye huenda hayumo katika daftari hutaja shaka hiyo katika aina yake, na mwandishi halazimiki kukumbuka, hukumbushwa.

Hoja ya ajira ni nyepesi zaidi. Ati makampuni ya Nairobi hutafuta wajuzi wa Java na JavaScript. Kweli, lakini Java yenyewe iliazima fanksheni za lambda mwaka 2014, Microsoft ikatoa TypeScript mwaka 2012 ili kuipa JavaScript aina ilizozikosa, na Python ikaongezewa alama za aina mwaka 2015. Lugha laini zote zinapiga hodi katika nyumba ile waliyosema haina watu. Mwaka 2001 Edsger Dijkstra aliwaandikia wakuu wa Chuo Kikuu cha Texas kuwasihi wasiiondoe Haskell katika somo la mwanzo na kuweka Java mahali pake. Hawakumsikiliza, nao si wa mwisho kutosikia.

Wanaostahili lawama, kama wapo, ni baadhi ya wapenzi wa lugha hizi, ambao mgeni hajajumlisha namba mbili nao wameanza kumhubiria monadi. Wamefanya mlango kuwa fumbo kwa sababu fumbo huwapa cheo. Maonyo ya kompaila nayo ni marefu, tena ni ya Kiingereza. Elm, iliyotoka mwaka 2012, imeonesha kuwa yaweza kuandikwa kwa upole, na hakuna kinachowazuia wana wa Afrika Mashariki kuyaandika kwa Kiswahili.

Na shule isiyo na kompyuta, au yenye kompyuta kumi na umeme wa kubahatisha? Hapo lugha hizi hazina mshindani, maana hazihitaji mashine kufahamika. Mwanafunzi na achukue mistari mitatu ile, aandike jumla [3, 4, 5] katika daftari, na chini yake 3 + jumla [4, 5], kisha 3 + (4 + jumla [5]), akiendelea hivyo mpaka orodha iishe na apate 12. Akimaliza, abadili alama ya kujumlisha iwe ya kuzidisha, aifuate hesabu upya, aone ni kwa nini ile 0 ya mstari wa pili haifai tena, na atafute mwenyewe namba ya kuweka mahali pake.