Kabla ya kulipia kozi, uza samaki wa mtu

Wewe unayesoma hii ndani ya matatu ya Kondele, simu imebaki asilimia kumi, na kwa skrini kuna jamaa ameegemea gari ambalo si lake anakuambia umtumie elfu tano akufunze kuuza vitu mtandaoni: ngoja kwanza. Rudisha hiyo pesa mfukoni. Kama ni ya kodi ya nyumba, irudishe haraka.

Mimi nililipa. Tena haikuwa tano, ilikuwa nane, na haikuwa yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana, na dadangu mkubwa, ambaye hushona nguo Manyatta, akatoa pesa zake za chama akaniambia nitafute kitu cha kufanya. Nikazipeleka kwa kozi ya wiki sita. Nilichopata ni video kumi na moja, kundi la WhatsApp ambalo mwalimu mwenyewe alitoka bila kuaga, na cheti kilichokosea jina langu. Hadi leo sijamwonyesha dada hicho cheti.

Kilichoniuma zaidi ni kugundua baadaye kwamba yale yote yanapatikana bure. Google ina masomo ya msingi ya kutangaza biashara mtandaoni na haiulizi ndururu. HubSpot Academy nayo ni hivyo hivyo, na cheti wanakupa. Serikali ina Ajira Digital, iliyoanzishwa mwaka wa 2016, na mafunzo yake ni ya bure. Unachohitaji ni bando na matako ya kukaa chini.

Lakini usinielewe vibaya. Sisemi ati kila kitu kiko YouTube, kwa hivyo jifungie kwa nyumba utazame. Nilifanya hivyo pia, miezi miwili mizima. Nikatoka nikijua kuchora faneli ya wateja vizuri kabisa, na sijawahi kumuuzia mtu yeyote hata kiberiti. Hilo ndilo tatizo letu vijana wa kujifunza wenyewe. Tunasoma kuhusu kuogelea hadi tunahisi tumelowa.

Kilichonifungua macho ni mama mmoja anayeuza samaki Dunga. Nilimwomba nimtangazie biashara bure, akakubali kwa sababu ni bure. Nikapiga picha za ngege asubuhi, ziwa likimeta nyuma, nikaandika maneno matamu. Posti ikapata laiki zaidi ya mia tatu! Nilimkimbilia kama niliyeshinda bahati nasibu. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akasema, "Sasa nyathina, hizi laiki nitazikaanga?"

Hakuwa ameuza samaki hata mmoja wa ziada. Nilipochunguza waliopenda ile picha, wengi walikuwa Nairobi na wengine ng'ambo, watu wanaolikumbuka ziwa. Mama hakuwa na njia ya kuwafikishia ngege akiwa mbichi. Nilikuwa nimetangaza machweo, si samaki.

Basi nikaacha kupiga picha, nikakaa kando ya meza yake siku tano nikisikiliza. Hapo ndipo nilianza kusoma kweli. Wanaonunua kidogo walikuwa wafanyakazi wa ofisi za mjini, na swali lao lilikuwa moja: nani atampara na kumtoa matumbo? Nyumba wanazopanga, jikoni ni kama kabati, na harufu inakaa hadi Jumatano. Samaki wenyewe walikuwa tayari wanawataka. Walichokikimbia ni kazi ya kumsafisha.

Tukaanza kuweka tangazo kwenye stetasi ya WhatsApp yake saa nne asubuhi: samaki aliyeparwa tayari, bodaboda analeta kabla ya saa kumi na moja. Hakuna machweo. Stetasi hukaa saa 24, na samaki bila barafu hata hizo hazimalizi, kwa hivyo ilitufaa. Wiki ya kwanza oda nne. Ya tatu, kumi na tisa. Si utajiri, najua, lakini hizo ni oda za kulipwa.

Unaweza kusema hiyo ni biashara ndogo ya pwani ya ziwa, haina somo kubwa. Angalia M-Pesa basi. Ilipojaribiwa mwaka wa 2005, lengo lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Walioijaribu wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Safaricom ilipoizindua mwaka wa 2007, tangazo lilikuwa na ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Mtu alikaa akatazama watu wanafanya nini, ndipo akaandika maneno.

Na kuna makosa ambayo hakuna video iliniambia. Wateja walipomtumia mama pesa, namba zao zilibaki kwa simu. Mimi mjanja nikazikusanya zote nikaziandikia ujumbe wa matangazo. Mteja mmoja alinipigia akaniuliza ni lini alinipa ruhusa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 iko upande wake, sio wangu. Niliomba msamaha, nikafuta orodha, na sasa tunauliza mtu kwanza kama anataka kuambiwa. Wengi husema ndiyo, bana. Ni kuuliza tu.

Wazee watakwambia urudi shule. Ukipata karo, rudi, mimi pia ningerudi. Lakini usikae ukingojea. Nenda Kibuye Jumapili, tafuta mtu mmoja mwenye bidhaa nzuri na wateja wachache, mwombe akupe mwezi. Andika kwenye daftari kilichouzwa kabla yako na kilichouzwa baada yako. Ukiona namba hazijasonga, usimdanganye na hesabu za laiki. Huyo ana watoto wa kulisha.

Siku hizi mama hunipa hamsini kwa kila oda, na nimeongeza muuza omena na fundi wa viatu. Dadangu bado ananidai elfu tatu na mia mbili.

Ijumaa iliyopita magugumaji yaliziba ufuo, mashua hazikutoka. Sikuwa na cha kutangaza, nikaandika tu: leo hakuna samaki. Watu saba wakajibu wakiuliza kama Jumatatu watapata.