Diwani, tuanzie kwenye kizuizi cha ushuru

Madiwani wengi wakipanda jukwaani huzungumzia Katiba na yaliyosemwa bungeni Dodoma. Si vibaya, nao ni wananchi. Lakini ushuru wa mazao hukusanywa na halmashauri, na wao ndio baraza lake. Mwaka 2017 Serikali iliushusha kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, ikasamehe mzigo usiozidi tani 1 unaopelekwa halmashauri nyingine. Hiyo ni magunia 10 ya kilo 100. Mwenye magunia 6 ya mahindi akitozwa kizuizini, Bunge limekwishamaliza kazi yake. Wa kumbana mkurugenzi barazani ni diwani. Muulizeni kwenye mkutano wa kata. Mwenye stakabadhi aende nayo.