Tusiseme pumu ni sugu kabla ya kuitibu

Mgonjwa wa pumu huku kwetu Chiwata akibanwa mara kwa mara, tunakimbilia kusema ugonjwa wake ni sugu. Tuulize kwanza anatumia dawa gani na anavuta hewa gani. Salbutamol hufungua njia ya hewa kwa saa chache tu; uvimbe wa ndani hutulizwa na steroidi ya kuvuta, ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri salbutamol peke yake. Kisha kuna hewa yenye salfa: mikorosho ikichanua, alfajiri ya umande, mashine za kupuliza hurusha vumbi lake la njano hadi madirishani. Mkulima atauliza ugonjwa wa ubwiriunga utazuiwaje bila salfa, na ana haki, maana korosho ndiyo ada ya shule. Lakini kumjulisha jirani mwenye pumu siku ya kupuliza hakupunguzi mavuno. Wenye pumu sugu kweli wapo, wapelekwe kwa daktari bingwa mapema. Ila hatutawatambua ikiwa zahanati haina hiyo steroidi ya kuvuta.