Kidonge cha Kifafa na Unyevu wa Ziwa

Kifafa kikimrudia mgonjwa wa Bukoba au Muleba, lawama ya kwanza humwangukia yeye: ameruka dozi. Si haki, kabla kidonge chenyewe hakijatazamwa. Fuwele za karbamazepini hunasa maji na kujipanga upya katika umbo lisiloyeyuka upesi. Kiwandani, unga unapoloweshwa na kukaushwa, badiliko hilo huchungwa. Ndani ya bahasha ya karatasi, kando ya Ziwa Viktoria wakati wa masika, nani alichunge? Mwaka 1990 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba unyevu waweza kuviondolea vidonge hivyo hata theluthi moja ya nguvu. Mtoa dawa avitoe katika pakiti iliyofungwa. Mgonjwa asiache dawa. Vidonge vilivyogeuka vigumu avirudishe kituoni, apewe vingine.